Mguu huu ni pesa ngapi? Mwongozo kamili wa kusoma hukumu za ajali za barabarani Kenya na kuzitumia kudai fidia

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya ukarani katika ofisi ya wakili, na swali nililoulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Sasa huu mguu ni pesa ngapi?" Anayeuliza ameingia kwa magongo, bahasha ya eksirei iko kwapani, na nyumbani kodi imelala miezi mitatu. Anastahili jibu la kweli. Jibu hilo halitoki kwa jirani aliyelipwa mwaka juzi, wala kwa broka anayezungukazunguka wodini. Linatoka katika hukumu za watu walioumia kama yeye.

Kenya haina orodha ya bei za mifupa. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha jedwali la viwango vya fidia kwa kila aina ya jeraha, lakini Mahakama Kuu ikalitupa mwaka 2016. Kwa hiyo hakimu anayekadiria fidia yako hutazama wenzake walitoa nini kwa majeraha yanayofanana na yako. Hukumu hizo ziko wazi kwa kila mtu, bila malipo. Ukijua kuzisoma, hakuna atakayekutisha kwa ofa ya kitoto, na hutapoteza miaka ukisubiri mamilioni ambayo hakuna mahakama itakayokupa.

Hatua ya kwanza: karatasi, kabla hata jeraha halijakauka

Nenda kituo cha polisi mapema, ajali iandikwe kwenye kitabu cha matukio (OB), uchukue nambari yake. Baadaye utapewa abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, na fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza kuhusu majeraha yako. Hifadhi kila karatasi ya hospitali, kuanzia kadi ya siku ya kwanza. Omba NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, taarifa za umiliki wa gari lililokugonga. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyesajiliwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na ukikosea mwenye gari umemshtaki mtu asiyehusika.

Halafu kaa chini uzilinganishe karatasi hizo. Nambari ya gari kwenye abstrakti ni ileile iliyo kwenye OB? Tarehe ya ajali inakubaliana na tarehe ya kadi ya hospitali? Jina lako limeandikwa vilevile kila mahali, kama lilivyo kwenye kitambulisho? Nimeona kesi nzuri zikianguka kwa sababu kadi ya hospitali ilionyesha mtu ametibiwa siku moja kabla ya ajali. Huenda nesi aliteleza kalamu tu, lakini mahakamani wakili wa upande wa pili ataifanya iwe uongo wako. Ukiona kosa, rudi likarekebishwe huku aliyeliandika bado yupo kazini.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: mashahidi. Abstrakti inathibitisha kwamba ajali ilitokea, haithibitishi nani mkosaji. Mara nyingi polisi anayekuja mahakamani si yule aliyefika barabarani, na akiulizwa atasema hakuchunguza mwenyewe. Mama muuza mboga aliyeona matatu ikitoka upande wake anaweza kuwa na uzito kuliko faili nzima. Chukua jina lake na namba ya simu siku hiyohiyo, au mtume ndugu yako akachukue.

Muda haukusubiri upone

Kesi ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama gari ni la Serikali, una miezi 12 tu. Muda huu haukatizwi na mazungumzo na kampuni ya bima. Wako watu waliozungushwa na ahadi za "tunashughulikia" hadi mwaka wa nne ukaingia, wakabaki na barua za upole na haki iliyokufa. Zungumza nao ukitaka, lakini kesi iwe imefunguliwa. Mtoto akiumia, mzazi au mlezi humfungulia kesi kwa niaba yake. Usikae ukisubiri afikishe miaka 18.

Ikiwa uliumia ukiwa kazini, kwa mfano wewe ni utingo wa lori la mwajiri, kuna njia nyingine ya fidia chini ya sheria ya majeraha kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA. Bima ya lazima ya gari imemwacha nje mfanyakazi wa mwenye gari anayeumia akitekeleza kazi yake. Mweleze wakili jambo hili siku ya kwanza.

Kuzipata hukumu

Fungua tovuti ya Kenya Law, ambayo ndiyo mchapishaji rasmi wa sheria na hukumu za nchi hii. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika jeraha kama lilivyoandikwa kwenye ripoti ya daktari, kwa Kiingereza chake, kwa sababu hukumu nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo. Ukiandika tu "mguu" hutapata kitu. Chukua maneno yenyewe ya daktari: mfupa upi, upande upi, umevunjika vipi, umewekwa chuma au la.

Kila hukumu ina alama zake za utambulisho. Zile za zamani zina mwaka kwenye mabano na herufi eKLR. Za miaka ya karibuni zina mwaka, herufi za mahakama na nambari: KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Mahakama ya Rufaa, KESC ni Mahakama ya Juu. Kesi nyingi za ajali huanzia kwa hakimu, kwa hiyo utakazozipata kwa wingi ni rufaa zilizokwenda Mahakama Kuu. Hizo ndizo zenye faida zaidi kwako, kwani jaji huyapitia majeraha upya, ataje alichotoa hakimu, kisha aseme kama kinatosha.

Tafuta hukumu tano au sita. Moja haitoshi, na ishirini zitakuchanganya. Chukua daftari, na kwa kila moja andika: mwaka, umri wa mdai, kazi yake, majeraha yote, asilimia ya ulemavu wa kudumu kama ipo, nani alilaumiwa na kwa kiasi gani, na fidia ya maumivu peke yake bila kuichanganya na mengine. Hapo mwisho ndipo wengi hukosea. Husoma jumla ya milioni mbili kwenye mstari wa mwisho wakadhani ni ya mguu, kumbe milioni moja na nusu ilikuwa ya kipato kilichopotea.

Anza na lawama, pesa baadaye

Kila hukumu ina mafungu mawili: nani alikosa, na alipe kiasi gani. Ukiruka fungu la kwanza umeruka nusu ya pesa zako. Mahakama inaweza kugawa lawama, kwa mfano mdaiwa asilimia 80 na wewe 20, na hiyo 20 hukatwa kwenye fidia yako.

Abiria aliyeketi ndani ya matatu kwa kawaida halaumiwi, kwa kuwa hashiki usukani. Lakini ziko hukumu zilizompunguzia mtu kwa kutofunga mkanda, na nyingine zilizompunguzia abiria wa bodaboda kwa kupanda bila helmeti. Mtembea kwa miguu huulizwa alivukia wapi na alitazama vipi. Magari mawili yakigongana katikati ya barabara na kukawa hakuna ushahidi wa kutenganisha makosa, mahakama zetu tangu kesi ya Lakhamshi dhidi ya Mwanasheria Mkuu ya mwaka 1971 zimekuwa zikigawa lawama nusu kwa nusu. Ndiyo maana nimemkazania yule mama wa mboga. Bila yeye unaweza kuingia na haki yote ukatoka na nusu yake.

Na je, dereva akipatikana na hatia kwenye kesi ya trafiki? Hilo ni jambo kubwa kwako. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hatia hiyo kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo, kwa hiyo fuatilia kesi hiyo na uchukue nakala ya hukumu. Hata hivyo, katika Robinson dhidi ya Oluoch, nayo ya mwaka 1971, ilikubaliwa kwamba dereva aliyetiwa hatiani bado anaweza kudai kwamba nawe ulichangia. Hatia yake haikusafishi wewe.

Kupima maumivu: jinsi majaji wanavyolinganisha

Fidia ya maumivu na mateso huitwa fidia ya jumla, na hapa ndipo daftari lako linapofanya kazi. Kanuni imesemwa wazi na Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Maore dhidi ya Mwenda ya mwaka 2004: majeraha yanayolingana, kadiri inavyowezekana, yapate fidia zinazolingana. Hakuna jeraha linalofanana na jingine kabisa, hivyo tafuta yanayokaribiana.

Ukilinganisha, tazama mambo haya kwa makini. Kwanza, jeraha kubwa ndilo linalobeba fidia. Mtu aliyevunjika paja na kuchubuka kiwiko analipwa kwa sababu ya paja. Kuorodhesha michubuko kumi na mbili hakuongezi kiasi cha maana. Majeraha ya tishu laini, yale ya kuvimba na kukatika ngozi bila mfupa kuvunjika, yako daraja la chini kabisa, na mtu akikuahidi milioni kwa hayo anataka sahihi yako tu.

Pili, tazama kilichobaki baada ya kupona. Mfupa uliounga sawasawa si sawa na mguu uliofupika. Daktari akiandika asilimia ya ulemavu wa kudumu, mahakama inaizingatia sana, ila mara nyingi kuna madaktari wawili: wako, na yule wa upande wa bima anayekupima mara ya pili. Mmoja ataandika 15, mwingine 5. Unaposoma hukumu, angalia jaji alimwamini nani na kwa nini. Utagundua mara kwa mara kwamba aliyeshinda ni yule ambaye ripoti yake ilikubaliana na kadi za hospitali za siku za mwanzo. Jeraha lililojitokeza mara ya kwanza kwenye ripoti ya daktari wa kesi, miezi sita baadaye, halina mizizi.

Tatu, mwaka. Shilingi laki nne za mwaka 2008 si laki nne za leo, na majaji wenyewe husema wanazingatia kupanda kwa gharama ya maisha. Chagua hukumu za miaka mitano hivi ya karibuni. Ukilazimika kutumia ya zamani, itaje kama ya zamani na uombe nyongeza.

Risiti, na ile gharama ambayo haijatokea bado

Pesa ulizotumia tayari, yaani dawa, nauli za hospitali, ada ya ripoti ya daktari, huitwa hasara maalumu. Sheria yake ni kali, na Hahn dhidi ya Singh ya mwaka 1985 hutajwa karibu katika kila hukumu ya aina hii: lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai, yaani karatasi inayofungua kesi, kisha zithibitishwe. Risiti ya shilingi 40,000 isiyotajwa kwenye hati ya madai haitalipwa. Na 40,000 iliyotajwa bila risiti haitalipwa pia. Hakimu anaweza kukuhurumia kwa moyo wote na bado asikupe.

Gharama ya matibabu yajayo ndiyo inayoniuma zaidi, maana wengi huipoteza bila kujua. Ukiwa na chuma mguuni, kuna siku kitatolewa, na upasuaji huo ni pesa nyingi. Katika Kenya Bus Services dhidi ya Gituma ya mwaka 2004, Mahakama ya Rufaa ilisema gharama hiyo nayo lazima idaiwe waziwazi. Daktari kuitaja kwenye ripoti hakutoshi. Muulize wakili wako moja kwa moja: "Umeweka pesa ya kutoa chuma?" Kama hajaweka, hati ya madai inaweza kurekebishwa kabla ya hukumu. Baada ya hukumu umechelewa.

Kipato: huna payslip? Endelea kusoma

Kuna kipato ulichokosa ukiwa kitandani, na kuna kupungukiwa na uwezo wa kufanya kazi huko mbele. Ni vitu viwili. Cha kwanza huhesabiwa kwa miezi na kuthibitishwa kama hasara maalumu. Cha pili, kama Mahakama ya Rufaa ilivyofafanua katika Mumias Sugar dhidi ya Wanalo mwaka 2007, kinaweza kutolewa hata kwa mtu ambaye bado ameajiriwa, ikiwa jeraha litamweka pabaya siku atakapotafuta kazi nyingine.

Watu wa jua kali, wakulima na wachuuzi huambiwa kwamba bila karatasi hawana kipato. Si kweli. Katika Maruja dhidi ya Obayo ya mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ilikataa wazo kwamba kipato kinathibitishwa kwa hati pekee, ikasema msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasioweka kumbukumbu na ambao hata hivyo wanajitafutia riziki. Andika jina la kesi hiyo kwenye jalada la daftari lako. Leta mteja wako wa siku zote, taarifa za M-Pesa, daftari la mauzo, chochote kinachoonyesha ulikuwa ukifanya kazi. Ukishindwa kabisa kuonyesha kiasi, mahakama hutumia kima cha chini cha mshahara cha kazi yako.

Aliyefariki akiacha watu

Familia hudai kwa sheria mbili kwa pamoja. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ni kwa ajili ya mirathi yake: maumivu kabla ya kufa na kupotezewa maisha. Kwa hilo la pili mahakama zimezoea kutoa shilingi 100,000 hivi. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ni ya wanaomtegemea: mume au mke, watoto, wazazi. Anayefungua kesi kwa niaba ya mirathi lazima kwanza apate barua za mahakama za kumruhusu, kwa hiyo shughulikieni hilo mapema, hata kama mnazozana kuhusu shamba.

Hesabu ya utegemezi ina sura hii: kipato cha mwezi baada ya makato, mara 12, mara miaka ambayo angeendelea kufanya kazi (ikipunguzwa kwa kuwa maisha yana misukosuko), mara sehemu aliyotumia kwa familia. Mwenye mke na watoto huhesabiwa kwa kawaida theluthi mbili, na asiye na familia theluthi moja. Mfano: 30,000 mara 12 mara miaka 20 mara theluthi mbili ni shilingi 4,800,000. Marehemu akilaumiwa kwa 20 kati ya 100, zinabaki 3,840,000.

Wakili wa upande wa pili atataja Kemfro Africa dhidi ya Lubia ya mwaka 1987 na kusema familia isilipwe mara mbili. Ni kweli kwamba fidia ya sheria moja huzingatiwa kwenye nyingine pale ambapo wanaorithi ndio walewale. Lakini mwaka 2015, katika Waweru dhidi ya Kiarie Shoe Stores, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba kuzingatia si lazima kuwe kukata shilingi kwa shilingi.

Bima: nani hasa anatoa pesa

Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inailazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu uliyoipata dhidi ya mteja wake. Ina masharti mawili ya kukumbuka. La kwanza ni notisi: kampuni lazima ijulishwe kuhusu kesi yako. Sheria imeweka siku za kuhesabu, nami sipendi watu wacheze na siku hizo, kwa hiyo notisi iende kabla ya kesi kufunguliwa, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Jina la kampuni na nambari ya bima viko kwenye abstrakti.

La pili ni kikomo. Kampuni hailazimiki kuzidisha shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja. Katika mfano wetu wa 3,840,000, zile 840,000 za juu ni deni la mwenye gari mwenyewe. Kabla ya kufurahia hukumu kubwa, jiulize mwenye gari ana mali gani.

Kampuni ikikaa kimya baada ya hukumu, unaishtaki yenyewe chini ya kifungu cha 10. Kesi hii ya pili hairudii ajali. Unaonyesha hukumu, notisi na bima. Bila ile nakala yenye muhuri, utahangaika.

Ofa, wakili na rufaa

Ofa ikija, irudishe kwenye daftari: maumivu ni kiasi gani, risiti kiasi gani, kutoa chuma kiasi gani, lawama imekatwa asilimia ngapi. Ofa ya jumla isiyo na mchanganuo huficha kitu. Usitie sahihi waraka wa kufunga madai kabla daktari hajasema hali yako imetulia, maana ukishafunga hufungui tena.

Wakili mzuri hakasirikii maswali haya. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya kulipwa kwa sharti la kushinda tu, na kutafuta wateja kupitia mabroka ni kosa. Mwombe makubaliano ya ada kwa maandishi tangu mwanzo, na pesa zikiingia, mwombe hesabu: zimelipwa kiasi gani, lini, ada ni ngapi, gharama ngapi. Asipotoa, Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko ya mteja mwenyewe.

Usiporidhika na hukumu ya hakimu, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Soma kwanza Butt dhidi ya Khan ya mwaka 1981: jaji habadilishi fidia kwa kuwa tu yeye angetoa zaidi. Lazima iwe ya chini au ya juu kupita kiasi, au hakimu awe amefuata kanuni potovu au ameuelewa vibaya ushahidi. Ikiwa hukumu zako tano zinaanzia laki sita hadi nane nawe umepewa laki tano na nusu, rufaa itakula muda na pesa kwa tofauti ndogo. Ukipewa laki mbili, nenda.

Upande wa pili nao ukikata rufaa na kuomba malipo yasimamishwe, usidhani yote yamegandishwa. Mara nyingi mahakama huagiza nusu ulipwe wewe, na nusu iwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili hadi rufaa iamuliwe. Mwambie wakili wako aombe hivyo, kwa sababu asipoomba hakuna atakayekuombea. Riba ya fidia ya jumla huanza kuhesabiwa siku ya hukumu, na ya hasara maalumu siku kesi ilipofunguliwa. Tarehe hizo mbili ziandike ukurasa wa mwisho wa daftari, na siku hundi itakapotoka, keti na kikokotoo uzihesabu kabla ya kusaini kwamba umepokea.